Nilivyompigia Debe Mzee wa Suti

Nichekeni tu. Miaka ile sukari ilikuwa ya kuvizia, na ushirika wetu kule Gonja ulikuwa unachagua kamati ya kusimamia duka. Mbele alikaa mzee mwenye suti. Nikadhani ni mkubwa aliyestaafu, amerudi nyumbani. Nikimwingiza kwenye kamati, sukari sitaikosa.

Nikasimama. "Mwenyekiti, nampendekeza mzee huyu! Ni mwadilifu, namfahamu tangu nikiwa mtoto. Baba yake na baba yangu walichimba mfereji pamoja!"

Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti akamgeukia. "Shikamoo mzee. Unakubali?"

"Marahaba. Nashukuru, ila mimi ni mtu wa Songea. Basi letu limeharibika hapo nje, nikaingia kujikinga na mvua." Akanitazama. "Kijana, baba yangu yupi huyo aliyechimba mfereji?"