Uvimbe Usioitika

Kambi za wakimbizi hapa Ngara zilikuwa zimeanza kufungwa. Asubuhi hiyo ukungu uliingia hadi kwenye kibaraza cha hospitali, tukawa kama watu wanaongoja foleni ndani ya wingu. Mlango wa daktari ulikuwa wazi. Ndani, mama mmoja wa kijiji cha Kanazi alikuwa ametandaza karatasi mbili mapajani, ya zamani na mpya, akizipapasa kama kitenge.

“Hii inasema saratani yangu ya titi inaitikia homoni. Hii inasema haiitikii. Nani kakosea?”

“Hakuna, mama. Ile ya mwanzo iliitikia. Iliyorudi tumeipima upya, tumekuta imebadilika.”

Mama akautazama ukungu. “Kama shemeji yangu. Tulikuwa tukimwita kutoka ng’ambo ya bonde, anaitika. Akaenda kufanya kazi kwenye kambi ya Benaco. Aliporudi, ukimwita, kimya.” Akajishika sikio. “Na vidonge ninavyomeza?”

“Kazi yake ni kuuzuia ugonjwa usiisikie homoni.”

“Kumbe tunamziba kiziwi masikio!”

Daktari alicheka, kisha akaandika barua ya kumpeleka Mwanza kwa dawa nyingine.

Nami nilicheka, hadi nilipotazama mkononi mwangu. Nilikuwa nimeshika cheti cha zamani cha dada yangu: saratani ya titi, inaitikia homoni. Nilikuja kumchukulia vidonge vilevile, ingawa kwapani ameota uvimbe mpya.

Nilipoitwa, nilikikunja kile cheti.

“Daktari, leo sichukui dawa. Kesho nitamleta yeye mwenyewe, apimwe.”