Ovaroli ya Furaha

Asubuhi ile ya mwaka 2008, kijijini kwetu karibu na Rutshuru, mashariki mwa Kongo, nilikuwa nachambua maharage huku nikimgombeza mdogo wangu Furaha, aliyetoka kuhitimu chuo. Alikuwa ameanika mawe yake ya chuo kwenye ungo wangu.

"Hiyo jiolojia yako ni kuchambua maharage yasiyoiva," nikamwambia. Baba akacheka mpaka akakohoa.

Ndipo mizinga ikaanza kunguruma.

Tulikimbia kupitia migomba. Baba alikuwa nyuma yetu.

Kisha hakuwapo.

Jirani aliyemzika ndiye aliyetuletea habari kwenye kambi ya wakimbizi.

Tulipofika Johannesburg, Afrika Kusini, tulipanga chumba mtaa wa Berea. Mimi niliyeishia sekondari nikapata cherehani, na kwa hiyo kisingizio cha kutotoka nje, maana mji ulinitisha. Hata robot ya pale kona, yaani taa ya barabarani, naijua kwa kuhadithiwa. Furaha alisuka nywele za watu miaka kadhaa, shahada ikiwa chini ya godoro, mpaka mgodi mmoja ukamchukua kwa majaribio.

Siku moja akarudi midomo imekauka. Ovaroli waliyompa ilishonwa kwa ajili ya wanaume, kipande kimoja toka shingoni hadi miguuni. Kwenda haja shimoni ni kuvua yote, kwa hiyo alikuwa hanywi maji tangu alfajiri. Siku hiyo kizunguzungu kilimkalisha chini, na msimamizi akasema mbele ya wote, "Tulisema sisi. Shimo si mahali pa wanawake." Ikitokea tena, akasema, kazi basi.

"Eish, dada, nirudi saluni tu."

"Lete hiyo nguo."

"Ni mali ya mgodi!"

"Umekimbia mizinga, sasa unaogopa mkasi?"

Niliikata kiunoni. Juu ikawa koti, chini suruali yenye mpira, mistari inayong'aa nikairudisha mahali pake. Msimamizi alimzunguka Furaha akitafuta kosa, akakosa. Wiki iliyofuata wenzake wawili wa kike walinitumia ovaroli zao. Nisiyevuka barabara, nikawa nimeingia mgodini kwa sindano!

Majaribio yakaisha, wakamwajiri. Jioni hiyo tulimtaja Baba, aliyeuza ng'ombe wake ili binti asome mawe, kijiji kizima kikimcheka. Ng'ombe wale naweza kusema wamerudi. Baba hakurudi, na hakuna mshahara wa kufidia hilo. Tukalia kidogo. Halafu jirani yetu Mrundi akaongeza sauti ya redio, nasi tukacheza, mimi vibaya kuliko wote.