Vidonge vya Rangi Mbili

Shangazi yangu haamini kwamba watu wawili wanaweza kushika kazi moja. Nyumbani kwake Nyangezi kuna wakamwana wawili, wake za wanawe, waliokuwa wakipika kwenye jiko moja bila kusalimiana. Sombe, mboga ya majani ya muhogo, ilitiwa chumvi mara mbili, kila mmoja akiamini mwenzake ameacha makusudi.

Kwa hiyo daktari wa Bukavu alipomwambia kwamba kidonda chake cha jembe kimefika mfupani, na kwamba atameza antibiotiki mbili kwa pamoja, moja nyekundu na moja nyeupe, nilimwona akikunja uso. Daktari akaongeza kuwa dawa zikishindwa, mguu utakatwa. Shangazi hulima mwenyewe na hapendi kuomba maharage kwa watu. Aliutazama ule mguu kwa huruma zaidi kuliko alivyowahi kunitazama mimi.

Mimi ndiye niliyekuwa garde-malade wake hospitalini, yaani mwenye kupika, kufua na kutumwa. Nilinunua dawa, nikaziweka kwenye kikabati cha kitanda, nikamwonyesha jinsi ya kuzimeza. Kwenye kitanda cha jirani alilala mama mmoja wa Kamituga mwenye ugonjwa uleule na dawa zilezile. Ndugu zake walikuwa wamekwama kwa ubaya wa barabara, basi bugali niliyoleta waliila pamoja. Chumbani mle kila kitu kiligawanywa: sabuni, ndizi, hata rozari. Niliona raha kumpatia shangazi rafiki.

Daktari alipopita tena, vidonda vyote viwili vilikuwa bado vinatoa usaha. Aliinama juu ya shangazi. “Maman, mukojo yako iko na rangi gani?”

Shangazi akajibu kwa majivuno kwamba mkojo wake ni safi kabisa, wa mtu aliyelelewa vizuri. Daktari akamtazama tena, maana ile dawa nyekundu huugeuza mkojo uwe rangi ya chungwa, na anayeimeza hawezi kuficha. Hapo mama wa Kamituga akasema kwa sauti ndogo kwamba wake umekuwa kama nyanya, hata machozi yamegeuka, na kwamba ameshatubu kila dhambi anayoikumbuka.

Walikuwa wamegawana. Shangazi alimeza nyeupe zote, mwenzake nyekundu zote.

“Dawa mbili mu tumbo moja zitapigana,” shangazi alieleza, akimshangaa msomi asiyejua jambo la wazi hivyo.

Niliogopa, na papo hapo nilitaka kucheka. Daktari hakucheka. Alivuta kiti, akawaeleza kwamba kijidudu cha mfupani ni kijanja. Kikikutana na nyekundu peke yake kinaizoea upesi, kisha hakiiogopi tena. Nyeupe iko pale kukizuia kisipate nafasi ya kuizoea. Kila tumbo libebe zote mbili. Mama wa Kamituga akapelekwa kupimwa ini, kwa kuwa nyekundu maradufu huweza kuliumiza, na shangazi, aliposikia kwamba angeweza kumponza rafiki yake, alilia waziwazi. Tangu hapo hakumeza vidonge vyake kabla ya kumwona mwenzake akimeza. Mkojo wake ulipogeuka, alitangazia chumba kizima.

Hakuna mguu uliokatwa. Dawa iliendelea nyumbani, na huko Nyangezi shangazi alimkabidhi mkamwana mmoja nyekundu, mwingine nyeupe, akakataa kumeza mpaka wote wawili wasimame mbele yake. Walianza kwa kununa. Baadaye wakawa wanaitana asubuhi ili mguu wa mama mkwe usije ukawafia mikononi. Kisha nikaanza kuwasikia wakija wanacheka, na sombe ikarudi kulika.

Daktari alipotuambia kwamba mfupa umepona na dawa imekwisha, nilidhani shangazi atashangilia. Badala yake alinivuta nyuma ya nyumba, akahakikisha wakamwana hawasikii.

“Uniletee zingine,” akaninong'oneza, “hata za vitamini tu. Lakini zikuwe rangi mbili.”