Kosa Hufumuliwa na Aliyelisuka

Shule niliiacha darasa la tatu, na sioni haya kusema. Mwalimu aliniuliza saba mara nane, nikajibu upuuzi, akanichapa vidole mpaka vikavimba kama viazi. Jibu lenyewe hakunipa. Kesho yake nilienda bondeni na bibi yangu kukata milulu, yale majani marefu tunayosukia vikapu huku kwetu Iringa. Darasani sikurudi.

Sasa mjukuu wangu ni mwalimu. Mwalimu wa hesabu, Mbeya mjini! Nimemlea mimi, pale Ilula, na nikisikia watu wanamwita "Madam" natembea kifua mbele kama jogoo. Basi siku aliponipigia simu analia, nilifunga vikapu vyangu nikapanda gari.

"Bibi, mkuu wa shule anataka kuninyang'anya darasa," aliniambia nilipofika. "Anasema watoto wangu wanapiga kelele tu. Ijumaa anakuja kukaa nyuma aone. Nikivurunda, ananitoa."

Nikaenda darasani kwake nione kosa liko wapi. Watoto walijaa mpaka wengine wamekaa sakafuni. Mjukuu aliwawekea wimbo wa kuzidisha kutoka kwenye simu, spika juu ya meza. Wakakata mauno, wakaimba wote. Wimbo ulipokwisha akawauliza saba mara tatu. Wakaanza wimbo upya tangu mwanzo.

"Wewe umefungua disko," nilimwambia.

"Haya, fundisha wewe, Bibi."

Nikasimama, tena na fimbo. Nikawakaririsha saba, saba, saba, sauti zikapanda kama kwaya ya Pasaka. Nikajiona bingwa. Nikaruka katikati nikauliza saba mara tano: kila mtoto akataja namba yake. Mtoto wa mbele akaificha mikono yake kwapani, akaanza kulia. Niliitazama ile mikono. Nikaitupa fimbo juu ya kabati, na ndiko iliko hadi leo.

Nyumbani kwake nikakaa nasuka, maana nikiwa na hasira lazima mikono ifanye kazi. Kwetu ukikosea kusuka hakuna anayekigusa kikapu chako, hata mama yako mzazi. Unafumua mwenyewe, mstari kwa mstari, mpaka pale ulipokosea, ndipo unaendelea. Mjukuu huyu alifumua kikapu chake cha kwanza mara nne, kamasi zinamtoka.

"Ulikuwa mkatili, Bibi."

"Kusuka unajua, hujui?"

Akacheka, mara ya kwanza tangu nifike. Kisha akakigeuzageuza kikapu. "Na hesabu je? Wakifumua wenyewe?"

Siku zilizobaki tulifanya kazi kweli kweli. Asubuhi watoto walikariri kidogo, maana kichwa nacho kinahitaji akiba. Wimbo wa simu haukufa, ila mjukuu aliuzima katikati, na kila kundi likaendelea lenyewe kwa kuhesabu nyuzi za kikapu. Aliyekosea hakuchapwa wala hakupewa jibu. Alirudi nyuma kulitafuta kosa lake.

Ijumaa mkuu akaja na daftari lake, akakaa benchi la nyuma, ubavuni kwangu. Mjukuu akamwita binti mmoja ubaoni. Saba mara nane. Mimi mwenyewe vidole viliwasha. Binti akaandika hamsini na nne.

"Mwalimu, mpe jibu, muda unakwenda," mkuu akasema.

"Mwache afumue," nikasema kwa sauti.

"Mama, hapa ni darasani."

"Ndiyo maana, baba."

Darasa likaangua kicheko. Mjukuu hakucheka. Alifunga mikono nyuma, na jibu hakulitoa. Binti akachukua kikapu changu pale mezani. Kina maua manane kuzunguka mdomo, kila ua nyuzi saba nyekundu. Akapitisha kidole ua kwa ua: saba, kumi na nne, ishirini na moja, mpaka arobaini na tisa. Akasimama.

"Hapa, Madam. Hapa niliongeza tano badala ya saba."

Akafuta mwenyewe, akaandika hamsini na sita.

Watoto wakapiga makofi. Maua manane ya nyuzi saba nimeyasuka tangu bibi yangu yu hai. Jibu nililochapiwa nilikuwa nalibeba mikononi miaka yote hiyo, na hakuna aliyenionyesha.

Mkuu akafunga daftari. "Madam, darasa ni lako. Kelele tu zipungue." Akanigeukia. "Na wewe, mama, vikapu hivi tuachie."

"Siachi," nikamwambia. "Jumatatu naleta milulu. Watasuka vyao."

Mjukuu akanitazama. "Bibi, Jumatatu tuna kugawanya."

"Kugawanya sikufika," nikamjibu. "Niwekee nafasi pale mbele."