Pazia kwa Fundi Saa

Fundi Saa alifanyia kazi kwenye kibanda cha vioo chenye upana wa kabati la nguo, kimebanwa kati ya duka la viatu na duka la rangi. Ukitaka kuzungumza naye ilibidi uiname, maana mwenyewe alikuwa ameinama muda wote, lenzi ameibana kwenye jicho la kulia, midomo ameichongoa kama mtu anayetaka kupiga mluzi halafu akaghairi. Ungempa saa yako, angeiweka sikioni kwanza, aisikilize kama daktari anavyosikiliza kifua, kisha angekutazama kwa lile jicho lisilo na lenzi na kusema, "Njoo kesho." Basi, hapo mazungumzo yamekwisha. Wengi walidhani anajisikia.

Hao hawakuwahi kumwona Jumamosi jioni.

Jumamosi alifunga kibanda mapema, akavuka barabara hadi duka la Mama Fotokopi, akapita moja kwa moja chumba cha nyuma. Humo, kati ya maboksi ya karatasi na mashine moja mbovu ambayo hakuna aliyekuwa na mgongo wa kuitoa nje, walikaa watu wanne na kusimuliana vitabu wanavyosoma. Si vitabu vyovyote tu. Walitaka vya sayari za mbali, vya miji inayoelea, vya watu wanaozaliwa wazee na kufa wachanga. Mtaani waliitwa watu wa mazimwi, na jina lenyewe likawakaa vizuri hata wakaanza kujiita hivyo.

Mama Fotokopi ndiye aliyekuwa na mali, kwa maana ya vitabu, kwani mpwa wake wa ng'ambo alimtumia kila kipya kilichotoka. Wa pili alikuwa Mwalimu, anayefundisha hesabu, mtu mcheshi mwenye ulimi mkali, ambaye angeweza kukukata na ukamshukuru kwa kukunyoa. Wa tatu Nesi, mdogo wao kwa umri, aliyefika mara nyingi akiwa bado na sare ya wodini na viatu ameshavivulia mlangoni. Wa nne Fundi, na humo Fundi alikuwa mwingine kabisa. Alisimulia kwa mikono na kwa mabega. Mara akawa joka, mara akawa rubani wa chombo cha anga, na Mama Fotokopi akawa anamwomba asiangushe maboksi.

Kila kitabu kilikuwa nakala moja, kikazunguka kwa zamu. Walipokutana, mmoja mmoja aliulizwa, "Uko wapi?" naye akaeleza amefika sura gani, nani amemkera, nini kinamnyima raha. Walikuwa na mwiko mmoja, kutoboa. Kutoboa ni kumwambia mwenzako mwisho kabla hajaufikia kwa macho yake. Lakini mwenye hamu haachi kuuliza, kwa hiyo wakatafuta dawa. Ukiuliza mwisho, unashushiwa pazia. Pazia ni mwisho wa uongo, unaotungwa palepale, unaosemwa kwa uso mkavu na kuapiwa. Ukiambiwa malkia anageuka jiwe, unalala ukijua jambo moja la hakika, kwamba malkia hageuki jiwe. Bingwa wao alikuwa Mwalimu. Aliapa kwa kaburi la babu yake, na babu yake alikuwa hai anadai chai.

Sasa, kati ya vitabu vyote vilivyopita mle, kimoja kilimshika Fundi kuliko wengine. Kilikuwa cha juzuu tatu. Kuna mlango mlimani, na nyuma ya mlango wakati unakwenda polepole. Mama mmoja, mtunza taa, anaingia humo kuwasha taa iliyozimika. Anamwambia binti yake mdogo akae hapo mlangoni acheze, yeye anarudi jioni. Lakini jioni moja ya ndani ni umri mzima wa nje. Binti anakaa. Anakua hapo hapo, anakosa kuolewa hapo hapo. Juzuu ya pili inakwisha nywele zake zimekuwa nyeupe, goti linauma, na kwa mara ya kwanza anasikia nyayo upande wa pili wa mlango.

Fundi alikuwa mgane asiye na mtoto, na maisha yake yote ameshika saa za watu mkononi. Alisema kitabu kile kimeandikwa na mtu aliyewahi kuchungulia kibandani kwake. Juzuu ya tatu ilichelewa kutoka. Alipokuwa akiingoja, ndipo macho yalipoanza.

Alidhani ni lenzi imechafuka, akaifuta hadi ikaingia mikwaruzo. Daktari akamwambia ni presha ya macho, imekaa muda mrefu bila kusema, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Fundi aliuliza swali moja tu, kama atapata nafasi ya kumaliza kitabu. Daktari akadhani anataniwa.

Kitabu kilipowasili, Fundi aliwaeleza wenzake hali yake, kwa maneno machache kama ya kibandani, akaomba atangulie. Nesi akasema mara moja kwamba Fundi asome wa kwanza, hilo halina mjadala. Mama Fotokopi akajikuna shingo, akasema ameshaanza, yuko pabaya, hawezi kukiachia katikati. Mwalimu akatabasamu.

"Zamu ni zamu, Fundi. Tukianza kugawa kwa huruma, mimi nina mgongo, Mama ana sukari, tutasoma kwa vyeti vya hospitali."

Wakacheka, na Fundi akacheka nao. Nesi alimpa zamu yake, lakini ilikuwa baada ya zamu ya Mwalimu, na Mwalimu alikaa na kitabu kile. Kila Jumamosi aliulizwa yuko wapi, na kila Jumamosi alijibu kwamba kitu kitamu hakimezwi, kinatafunwa. Nesi alimwambia usoni kwamba hivyo anavyofanya si vizuri. Akajibu kwamba yeye si daktari wa macho.

Huku kibandani, Fundi alikuwa ameanza kukosea. Alimrudishia mteja saa yenye mshale mrefu mahali pa mfupi, na yule bwana akachelewa msibani, akaja kumtukana mbele ya watu wa duka la viatu. Skurubu zikimponyoka hakuziokota tena, alizipapasa, halafu akaacha. Ikabaki kazi ya kubadilisha mikanda na betri, ambayo vidole viliweza bila macho.

Zamu yake ilipofika hatimaye, alikipeleka kitabu nyumbani kifuani, ndani ya shati. Aliishi na dada yake mkubwa, ambaye shule aliiona kwa nje tu. Fundi alikaa dirishani, akabana lenzi, akakisogeza kitabu hadi kikamgusa pua. Aliupata ule mlango. Alizipata nyayo. Baada ya hapo mistari ikachanganyikana kama sisimizi waliomwagiwa maji. Alijaribu mchana huo wote na kesho yake, hadi machozi yakalowesha ukurasa.

"Macho umeyamalizia kwa mazimwi," dada yake akamwambia, akipita na ndoo. "Sasa yaite hayo mazimwi yaje yakusomee."

Jumamosi iliyofuata alikwenda na kitabu, akawaomba wamsomee sura ya mwisho kwa sauti. Nesi hakuwepo, alikuwa zamu wodini. Mama Fotokopi akasema miwani yake ameiacha. Mwalimu akanyoosha mkono.

"Lete, mzee wangu. Mimi ndiye mwenye sauti."

Na kweli alikuwa nayo. Alisoma taratibu, akishusha pale pa kushusha. Mlango ukafunguka. Mama akatoka na taa mkononi, kijana kama alivyoingia, akamwona bikizee amekaa kwenye jiwe, na papo hapo akamjua. Akamwita kwa jina lake la utotoni. Mwanga wa taa ulipomgusa yule bikizee, nywele zikarudia weusi wake, goti likanyooka, akawa mtoto yule yule, akamrukia mama yake shingoni.

Fundi alikuwa analia. Hakujificha, alilia mdomo wazi, mikono imekaa juu ya mapaja.

Mwalimu akafunua ukurasa, akaendelea kwa sauti ile ile. Mama na binti wakashuka mlimani wakiwa wameshikana mikono, wakafika mjini, na kwa kuwa hawakujua ni saa ngapi, wakaenda kwenye kibanda cha vioo. Humo palikuwa na fundi ameinama. Wakamwuliza saa. Fundi akawatazama kwa jicho moja, akawaambia, "Njoo kesho."

Mama Fotokopi alicheka hadi akajishikiza kwenye ile mashine mbovu. Mwalimu naye alishindwa kujizuia, akajipiga paja kwa kitabu.

"Pazia, Fundi. Umesahau mchezo?"

Fundi alipangusa uso kwa kiganja, upande mmoja, kisha wa pili. Akacheka. "Nilijua," akasema. Hakuwa amejua.

Nesi alipata habari kwa Mama Fotokopi, aliyemsimulia kama kichekesho cha wiki. Hakungoja Jumamosi. Alikwenda kibandani na sare yake, akabana magoti kwenye kigoda cha wateja, akachukua kitabu akasoma sura ya mwisho tangu neno la kwanza. Mama anatoka kijana. Anaona bikizee kwenye jiwe, na hamjui. Anamwamkia kwa heshima, anamwuliza, bibi, hukumwona mtoto hapa, nilimwacha anacheza? Yule bikizee anamtazama mama yake, uso ule aliousubiri. Angeweza kusema. Lakini anaona jinsi mama alivyo na furaha ya kumaliza kazi, anaona pia kwamba yeye mwenyewe hana siku nyingi. Anajibu kwamba alimwona, alikuwa anacheza vizuri, jua lilipozama akaenda nyumbani. Mama anashukuru, anashuka mlima haraka haraka na taa yake.

Nesi alifunga kitabu. Fundi alisikiliza wakati wote kichwa amekiinamisha upande, kama anavyosikiliza saa.

"Zuri," akasema. "Limepita la Mwalimu."

"Si pazia, kaka. Ndivyo ilivyoandikwa."

"Kila mmoja huapa, mdogo wangu."

Nesi alimshika mkono, akauweka juu ya ukurasa, kana kwamba vidole vitasoma. Alimwambia yeye hajawahi kumdanganya nje ya mchezo. Fundi akamjibu kwa upole kwamba hilo ndilo gumu, kwamba tangu lini wamekuwa nje ya mchezo, na mbona hata kilio chake kinafanana na cha kweli. Alimpigapiga begani, akamsifu. Nesi alirudi kazini macho mekundu, wagonjwa wakamwuliza amefiwa na nani.

Fundi hakulala vizuri baada ya hapo. Lile jambo lilimtafuna. Akapata wazo kwamba anahitaji mtu asiyejua lolote, asiye mtu wa mazimwi. Siku moja akaja mama mmoja, mgeni wa mtaa ule, kutaka mkanda wa saa ya marehemu baba yake. Fundi alimfungia mkanda, kisha akamwomba msaada mdogo, amsomee ukurasa wa mwisho wa kitabu hiki. Yule mama hakuwa msomaji sana. Alisoma kwa kujikwaa, akifuata mstari kwa kidole, akirudia maneno. Bibi, hukumwona mtoto hapa? Nilimwona. Alikuwa anacheza.

Yalikuwa maneno yale yale. Uso wa Fundi ukafunguka, na yule mama, alivyosimulia baadaye, alidhani mzee amepata kuona tena. Kisha ukajifunga polepole.

"Nani amekutuma?"

Mama hakuelewa.

"Ni Nesi, au ni Mwalimu? Kakwambia usome kwa kujikwaa ili niamini?"

Yule mama akasema yeye amekuja na saa ya baba yake, hamjui nesi wala mwalimu. Fundi akamwambia si kitu, wamefanya kazi kubwa, awashukuru kwa niaba yake. Yule mama aliondoka haraka. Hakupitia tena mbele ya kibanda kile.

Fundi alikirudisha kitabu. Kibanda nacho kikachukuliwa na kijana wa simu. Jumamosi aliendelea kwenda, dada yake akimfikisha mlangoni na kumwacha hapo kama mzigo. Kikaja kitabu kingine, cha bahari iliyo angani, na Mama Fotokopi akapanga zamu. Fundi alisubiri jina lake, halikutajwa. Alipouliza, Mama akasema kwa sauti ya kawaida tu kwamba kitabu kikilala nyumbani kwa mtu asiyesoma, wengine wanacheleweshwa bure. Hata Nesi hakusema kitu. Alikuwa amechoka.

Walipoanza kuulizana, walifika kwake kwa mazoea. "Uko wapi, Fundi?"

"Bado niko mlangoni," akasema. "Ule mwisho, jamani. Sasa zamu imeshapita kwa wote. Niambieni tu."

Mwalimu alitazama kiti cha Fundi, na yale macho yaliyokuwa yakitazama ukutani, mahali pasipo na mtu. Kwa mara ya kwanza akajisikia vibaya. Akasogea, akamwambia mwisho ulivyo, bila kuongeza wala kupunguza, bibi na swali la mtoto na jibu lake.

Fundi akacheka kuliko wote.

"Hilo mmeshanipa mara mbili. Nipeni lingine."

Wakatazamana. Halafu Mama Fotokopi akakohoa, akalainisha sauti, akaanza kumtungia lingine.