Majibu ya jirani yameingia kwenye simu yangu

Leo nimesoma majibu ya vipimo yasiyo yangu, na tangu hapo siwezi kukaa kitini.

Mpwa wangu Neema ameitengenezea zahanati yetu hapa Rhotia programu ya kuwatumia wagonjwa majibu kwa simu. Kabla haijaanza kutumika, alithibitisha kwa hesabu kwamba majibu hayawezi kumfikia mtu mwingine ila mgonjwa mwenyewe, kama sheria ya faragha inavyotaka. Mimi, mwalimu wa hesabu, niliikagua yote, nikaridhika.

Leo simu yangu imepokea majibu ya jirani yangu, Mama Paulo.

Nikampigia Neema.

"Hesabu yako ina kosa!"

"Haina, mjomba. Majibu yamekwenda kwenye namba aliyoandikisha."

"Namba hiyo ni yangu!"

"Kwani ni wangapi wameandikisha namba yako?"

Wasio na simu hapa kitongojini huandikisha yangu, nami mwenyewe niliwaruhusu. Hesabu ilichukulia kwamba kila namba ina mtu mmoja.

Neema amesimamisha utumaji wa majibu. Mama Paulo alipokuja, nilimkabidhi simu.

"Mwalimu, umeshausoma ujumbe wangu?"

"Nimeusoma, mama. Nisamehe."

"Basi usimwambie Baba Paulo. Nitamwambia mwenyewe."

Baba Paulo naye hutumia namba yangu. Sasa hivi anavuka barabara, anakuja kuulizia ujumbe wake.

Ujumbe wa mkewe nimekwisha kuufuta. Uso wangu nitaufanyaje, ndugu zangu?