Heshima Ndani ya Mawingu

Siku yangu ya kwanza katika shule ya urubani nilivishwa kofia ya bati. Mafundi wa Katwe, mtaa wa wahunzi pale Kampala, ndio waliotutengenezea: bati mbele, kitambaa cheusi pembeni, ukiivaa huoni ziwa wala anga, unaona vipimo vya ndege tu, kana kwamba uko ndani ya wingu. Ilinikata paji la uso. Mkuu wa Mafunzo, Mkenya mmoja mnene aliyezungumza na mnara wa kuongozea ndege kwa Kiingereza na kututukana sisi kwa Kiswahili, alikaa kulia kwangu akaniambia, "Kijana, kuanzia leo mwili wako ni mwongo. Utahisi unakwenda sawa, kumbe ndege imelala ubavu. Amini kipimo. Kipimo hakimwonei mtu haya."

Naandika haya nikiwa na hasira, sifichi. Watu wananiambia nimestaafu, nitulie, ninywe chai, nilee wajukuu. Wajukuu nawalea. Kutulia ndiko nisikoweza. Ninyi wanafunzi wa urubani wa siku hizi, mnaobeba ramani kwenye tableti, mnadhani kuruka kwa vipimo ni kujua kubonyeza. Basi nisikilizeni.

Kuruka kwa vipimo kunaanza ndege ikiwa bado chini. Unaomba ruhusa ya safari. Mwongoza ndege anakupa njia, mwinuko na namna ya kuondoka, nawe unamrudishia maneno yake yote, ili kama umesikia vibaya akukamate palepale. Kisha unarekebisha kipimo cha mwinuko kulingana na mgandamizo wa hewa wa saa ile. Ukikosea hapo, kipimo kitakuambia uko juu na kumbe unakwaruza miti. Halafu unapaa. Njia niliyowafundishia wengi ilielekea ziwani: unashika mwelekeo uliopewa na hukunji kona mpaka ufike mwinuko ulioandikwa kwenye utaratibu wa kuondoka. Sababu ni kwamba nyuma yako kuna Kampala, Kampala ni vilima, na juu ya vilima watu wamesimika minara ya redio na simu. Ndani ya wingu huioni hata mmoja. Ukishaingia njia ya anga, ile barabara isiyoonekana inayotoka mtambo mmoja wa kuongozea ndege hadi mwingine, nako kuna mwinuko wa chini kabisa. Hushuki chini yake hata abiria akilia kwamba anataka kuona tembo.

Nilirusha ndege za kukodi miaka mingi, chini ya wakubwa wa kila aina. Meneja wa Safari mmoja alikuwa akitutuma kwenye ngurumo na radi huku mwenyewe yuko soko la Nakivubo anachagua viatu. Baadaye nikarudi shuleni kufundisha, na mwishowe nikawa mimi ndiye Mkuu wa Mafunzo.

Lakini kilichonikera angani kuliko mvua zote ni heshima. Ndiyo, heshima. Mimi ni Mnubi, nimelelewa kumwinamia mkubwa, na jirani zangu Waganda ndio kabisa. Sasa mlete mtoto aliyelelewa hivyo kwenye chumba cha marubani. Anaona kapteni amekosea, anameza mate, anatazama dirishani. Nimeona hilo mara nyingi mpaka nikataka kupiga kelele. Kwa hiyo nikaanzisha mtindo wangu. Siku za anga safi, mwanafunzi akiwa amevaa kofia, nilifanya kosa moja makusudi: naweka mgandamizo usio wa siku ile, au nakunja kona mapema. Asiponikosoa, tunarudi chini na hana alama. Wazazi walikuja kulalamika. Nikawaambia wampeleke mtoto wao akasomee kunyamaza kwingine.

Namuli, binti wa Kiganda, alikuja wakati huo. Siku ya kwanza alipiga magoti pale pale kwenye lami kunisalimu, sare nyeupe na yote. Tuliporuka nikakunja kona mapema. Akakaa kimya.

"Uliona?" nikamuuliza.

"Niliona, ssebo," akajibu, yaani bwana kwa Kiganda.

"Mbona umenyamaza?"

"Wewe uko kama baba yangu."

"Baba yako akikanyaga moto, utangoja amalize kutembea?"

Alicheka, halafu machozi yakamtoka. Safari iliyofuata alisema kwa sauti ndogo, "Baba, samahani, mwinuko bado." Baada ya muda samahani ikaondoka, baba ikaondoka, ikabaki "Kapteni, mwinuko bado." Nilifurahi siku hiyo kuliko siku niliyopata leseni yangu.

Mkurugenzi wetu alimiliki shule na pia kampuni ya ndege za kukodi. Namuli alipohitimu aliajiriwa huko kama rubani msaidizi. Asubuhi moja, wingu likiwa limekaa chini, alipangwa kuruka pamoja na Mkuu wa Marubani wa kampuni. Walipaa. Kabla hawajafika mwinuko, yule bwana akaanza kukunja kona kuelekea mjini, kwa kuwa kuzunguka ziwani aliona ni kupoteza muda.

"Kapteni, mwinuko bado."

Akaendelea kukunja.

"Kapteni, tuko chini ya mwinuko wa utaratibu. Huku kuna minara."

"Wee mtoto, nyamaza! Mimi naluka hapa wewe bado iko tumboni."

Namuli akashika usukani. Akasema, "Nachukua ndege," akanyoosha mabawa, akarudisha ndege kwenye mwelekeo wa ziwani na kupanda mpaka juu ya wingu. Abiria nyuma hawakujua lolote.

Ajabu ni kwamba ofisini hawakubishana. Wote wawili walisimulia hadithi hiyo hiyo. Mkurugenzi akaniita. "Mzee, huyu binti umemfundisha tabia mbaya."

"Ndege ilikuwa chini ya mwinuko au haikuwa?"

"Hiyo si hoja."

Wallahi! Watu wamekaa ndani ya ile ndege, wana watoto nyumbani, na yeye ananiambia si hoja!

"Kesho umlete," akasema. "Apige magoti, aombe msamaha, mambo yaishe. La sivyo hana kazi."

Mama yake Namuli, aliyemsomesha kwa kuuza vitenge, alimsihi akubali. Namuli akanipigia simu. "Baba, nifanyeje?"

"Sitakuchagulia," nikamjibu. "Ila ukisema leo kwamba ulikosea, siku nyingine mdomo wako utakuwa mzito."

Kesho yake aliingia ofisini, akapiga magoti mbele ya Mkuu wa Marubani na kumwamkia kwa Kiganda kirefu, kama binti aliyelelewa vizuri. Mkurugenzi akaanza kutabasamu. Ndipo Namuli, bado yuko magotini, akasema, "Ssebo, mimi nakuheshimu sana. Lakini ndege ilikuwa chini. Ukifanya tena, nitachukua tena."

Alifukuzwa kabla hajainuka. Nami nikamwambia Mkurugenzi atafute Mkuu wa Mafunzo mwingine. Waliniaga kwa keki na hotuba ndefu juu ya utumishi wangu uliotukuka. Keki sikuigusa.

Hivyo ndivyo nilivyostaafu. Namuli anamsaidia mama yake kupima vitenge, kwa kuwa kila kampuni anakoomba, habari za utovu wake wa nidhamu zimemtangulia. Leseni yake inakaribia kuisha na haruki. Nikimwona pale dukani na mkasi mkononi, hasira inanipanda upya, na wala sitaki ishuke.

Mkuu wa Marubani bado anaruka. Hakuna aliyemwambia kitu isipokuwa yule waliyemfukuza. Asubuhi moja, wingu likiwa chini, mmoja wenu mnaosoma haya ataketi kulia kwake. Yule bwana ataanza kukunja kona mapema, kama kawaida yake, na abiria huko nyuma watakuwa wanapiga soga. Utakuwa wewe peke yako unayejua. Fungua mdomo.